Cape Town kwa siku tano: tathmini ya kifurushi cha safari kilichosahau upepo

Mwezi wa Januari nilimpeleka mama yangu Cape Town, Afrika Kusini, ikiwa ni mara ya kwanza kwetu sote wawili kuuona mji huo, na kwa kuwa ana umri wa miaka 68 na magoti yake yamekwisha kugombana na ngazi, niliona ni busara kununua kifurushi kilichopangwa tayari kuliko kuhangaika mwenyewe na hoteli, madereva na tiketi. Wakala aliyetuuzia simtaji jina, kwa sababu tangu nirudi nimezisoma ratiba za mawakala wengine watatu na nimeona kwamba karibu zote zimefinyangwa kwa udongo mmoja: siku ya kwanza ya kupumzika, siku ya pili ya kuizunguka rasi, siku ya tatu ya mjini, siku ya nne ya mlima, na siku ya tano asubuhi kisiwani kabla ya kukimbilia uwanja wa ndege. Tathmini hii basi ni ya bidhaa yenyewe zaidi kuliko ya duka lililoiuza, na ninamwandikia mtu ambaye hajawahi kufika Cape Town na ambaye sasa hivi ameshika karatasi iliyoandikwa "Siku ya 4: Table Mountain".

Nianze na yaliyofanywa vizuri, maana hayakuwa machache. Kifurushi kilikuwa na usiku nne katika hoteli safi karibu na bandari ya V&A Waterfront, kifungua kinywa, gari la kutupokea na kuturudisha uwanjani, siku nzima ya kuizunguka rasi tukiwa na dereva aliye pia kiongozi wa watalii, matembezi ya mjini, tiketi za gari la nyaya linalopanda mlimani, na tiketi za boti ya kwenda Kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela. Kwa upande wa makaratasi, wakala alikuwa makini kuliko nilivyotarajia. Alitueleza mapema kwamba tangu Januari 2023 mwenye pasipoti ya kawaida ya Kenya haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90, na kwamba Mtanzania naye haombi. Alituhimiza tuchanje homa ya manjano si chini ya siku 10 kabla ya safari na kuibeba kadi yake mkononi badala ya kuifungia ndani ya sanduku linalopitia chini ya ndege. Akatukumbusha hata kwamba soketi za umeme za Afrika Kusini zina matundu matatu makubwa ya mviringo ambayo chaja zetu zisingeingia. Kijitabu chake cha maandalizi nakipa alama zote. Kilikosa sura moja tu, nayo ni ile inayohusu hewa.

Tulitua Jumatatu kabla ya adhuhuri. Kutoka uwanjani hadi katikati ya mji ni kama kilomita 20, na katika mwendo huo wote Table Mountain ulisimama mbele yetu bila hata kipande cha wingu, ukingo wake umenyooka kama uliopigwa rula, na majani ya miti ya kando ya barabara hayatikisiki. Dereva aliyetupokea, mtu mzima wa makamo aliyemwita mama yangu "Mama" tangu salamu ya kwanza, aliutazama mlima, akaitazama karatasi ya wakala iliyokuwa kwenye dashibodi, kisha akasema kwa upole, "Mama, mngekuwa wageni wangu mwenyewe, ningewapandisha leo hii." Tulicheka. Ratiba ilisema Jumatatu ni siku ya kupumzika na mlima ni wa Alhamisi, tiketi zilikuwa na tarehe ya Alhamisi, na mlima wa mawe, nilijiambia, hauwezi kwenda popote kati ya Jumatatu na Alhamisi. Tulipumzika. Jioni ile tulikunywa chai barazani mwa hoteli tukiutazama mlima ukibadilika rangi, na mpaka jua linazama, karibu saa mbili usiku kwa saa za kule wakati huo wa mwaka, hakuna upepo uliovuma.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo laiti ningelijua kabla ya kulipa. Sisi tuliokulia kando ya Bahari ya Hindi tuna mazoea ya kuyajua majira kwa pepo: kusi huvuma katikati ya mwaka na kuichafua bahari, kaskazi huja mwishoni mwa mwaka, na Januari ni mwezi wa kusafiri kwa amani. Kwa Cape Town elimu hiyo inapotosha. Huko kiangazi ni Desemba hadi Februari, na ndicho hasa kipindi cha upepo mkali wa kusi-mashariki, ambao huanza kujitokeza Oktoba na kuendelea hadi Machi. Wenyeji wanauita "Cape Doctor", yaani daktari wa Cape, kwa imani ya zamani kwamba hufagia hewa chafu na maradhi na kuyatupa baharini. Hewa hiyo hutoka upande wa False Bay, ghuba iliyo kusini-mashariki, ikiwa imebeba unyevu, hugonga mgongo wa mlima, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu jeupe linalotanda juu ya ule ubapa na kumwagika ukingoni upande wa mji, kisha likatoweka kadiri hewa inavyoshuka na kupata joto. Watu wa pale huliita wingu hilo kitambaa cha meza, na wana hadithi ya haramia mstaafu aitwaye Van Hunks anayeshindana na shetani kuvuta kiko kwenye kilele cha jirani cha Devil's Peak, na moshi wao ndio wingu lenyewe. Kitambaa kikishatandikwa, gari la nyaya halipandi. Na linaweza kusimamishwa hata siku isiyo na wingu, maana upepo peke yake unatosha. Upepo ukianza unaweza kukaa siku tatu au nne bila kupumua. Mwezi wa Januari, kwa hiyo, kuufungia mlima huo ndani ya siku moja maalumu ni sawa na kucheza kamari kwa fedha za mteja.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa lulu ya kifurushi, na kama wakala angeiuza peke yake ningeinunua tena bila kuuliza bei mara mbili. Tulishuka kwa upande wa magharibi, tukasimama Camps Bay, ambako mama, aliyekuwa ameudhiwa na joto tangu alfajiri, alivua viatu na kuingia majini kwa furaha ya mtu aliyelelewa ufukweni, kisha akatoka mbio bila kuyakumbuka magoti yake. Maji yale katika kiangazi huwa kwenye nyuzi 10 hadi 15 hivi. Mkondo wa Benguela huyaleta baridi kutoka kusini, na ule ule upepo wa kusi-mashariki huyasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani ili ya chini, yaliyo baridi zaidi, yapande mahali pake. Ndiyo maana siku za jua kali na upepo mkali zinaweza kuwa ndizo siku ambazo bahari ya upande huo inauma kuliko zote. Anayetaka kuogelea aende Muizenberg upande wa False Bay, ambako maji ni ya uvuguvugu kiasi na kuna walinzi wanaochungulia papa kutoka mlimani na kupandisha bendera, ya kijani wakiona vizuri, nyeusi wasipoona vizuri, nyekundu pakiwa na tahadhari, na nyeupe yenye picha ya papa pale ambapo kila mtu anatakiwa kutoka majini. Kijitabu cha wakala kilisema tu "beba nguo za kuogelea".

Baada ya Hout Bay tulipita Chapman's Peak Drive, barabara ya kulipia iliyochongwa kwenye jabali juu ya bahari na kufunguliwa mwaka 1922, yenye urefu wa kilomita 9 na kona 114. Kiongozi wetu aliendesha polepole bila kuombwa, akasimama mahali pa kuegesha pasipo na msongamano, akamwachia mama nafasi upande wa bahari. Barabara hiyo nayo hufungwa mawe yanapokuwa hatarini kuporomoka, na yeye alikuwa amepiga simu kuulizia kabla hatujaondoka hotelini. Nililiweka moyoni jambo hilo: mtu wa barabarani anauliza kwanza kama njia iko wazi, ilhali mtu wa ofisini aliuza mlima miezi mitatu kabla.

Katika hifadhi ya Cape Point alituamuru tufunge milango ya gari kabla hata hajazima injini, kwa sababu nyani wa pale wamejifunza kufungua magari, na kweli tulimwona mmoja amekaa juu ya paa la gari la wageni wengine akimenya chungwa lao. Mama alipanda kwa kigari cha reli hadi karibu na mnara wa zamani wa taa, na hapo kiongozi alitupa kisa ambacho nimekisimulia mara nyingi tangu nirudi. Mnara ule ulijengwa katikati ya karne ya 19 juu kabisa ya genge ili mwanga wake ufike mbali, lakini ukungu na mawingu viliufunika mara kwa mara kwa sababu ya kimo hicho hicho, na mwaka 1911 meli ya Kireno iitwayo Lusitania iligonga mwamba karibu na hapo. Ndipo mnara mwingine ukajengwa chini zaidi. Chini, penye kibao cha Rasi ya Tumaini Jema, palikuwa na foleni ndefu ya wapiga picha, na wengi wao walikuwa wakiambizana kwamba wamefika ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Sivyo. Kibao chenyewe kinataja kusini-magharibi. Ncha ya kusini ni Cape Agulhas, mbali zaidi upande wa mashariki, na huko ndiko mpaka rasmi wa bahari za Atlantiki na Hindi. Hilo halimkatishi mtu tamaa ya kupapenda, hasa ukikumbuka kwamba Vasco da Gama aliizunguka rasi hiyo mwaka 1497 na mwaka uliofuata akatia nanga Malindi, kwa hiyo pale palikuwa, kwa namna fulani, mwanzo wa habari zetu pia.

Tulimalizia Boulders, karibu na Simon's Town, kwa pengwini. Mwaka 1982 kulikuwa na jozi mbili tu zilizotaga pale. Baadaye wakawa kundi kubwa, lakini pengwini wa Afrika kwa jumla wanapungua kwa kasi kwa kukosa samaki wadogo wa kula, na mwezi Oktoba 2024 waliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Njia ya mbao inakupitisha juu ya mchanga bila kuwagusa. Mmoja alisimama chini ya ubao tuliokuwa tumeukanyaga, akanyoosha shingo, akalia kama punda aliyenyimwa maji, na mama akamjibu "Pole, baba," kwa sauti ya dhati kabisa. Wakati huo huo mchanga ulianza kuturukia usoni. Kiongozi alitazama juu ya bahari, akasema, "Umeanza."

Jumatano tulitembea mjini katika upepo ambao ulimfanya mama ashike mtandio wake kwa mikono miwili na kutamka kwamba hiyo ni kusi iliyokosa adabu. Juu yetu kitambaa cha meza kilikuwa kimetandikwa kikamilifu. Matembezi yenyewe yalikuwa mazuri, ingawa saa mbili kwa mtaa wa Waislamu wa Bo-Kaap na Makumbusho ya District Six kwa pamoja ni uchoyo. District Six ilitangazwa kuwa eneo la watu weupe mwaka 1966, na wakazi wake zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu na nyumba zao kubomolewa. Makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1994, yana ramani kubwa sakafuni ambayo wakazi wa zamani wameandika majina yao mahali nyumba zilipokuwa. Mgeni anahitaji muda wa kuinama na kuisoma. Sisi tulipewa dakika 40.

Bo-Kaap ndipo mama alipochangamka zaidi, na sababu yake haimo katika brosha, ambayo inataja rangi za nyumba tu. Katika mtaa wa Dorp uko msikiti wa Auwal, ulioanzishwa mwaka 1794, wa kwanza nchini Afrika Kusini, na imamu wake wa kwanza alikuwa Tuan Guru, mwana wa ukoo wa kifalme kutoka Tidore, katika Indonesia ya leo, ambaye Waholanzi walimleta Cape kama mfungwa na kumfungia Kisiwa cha Robben. Akiwa kisiwani aliiandika Kurani yote kwa kumbukumbu. Kiongozi wa matembezi alitueleza pia kwamba watu wa mtaa huo waliwahi kuandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, na mama, ambaye barua za marehemu babu yake zimeandikwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo na zimo katika sanduku lake mpaka leo, aliomba arudiwe jambo hilo mara mbili. Saa sita kamili mzinga wa Signal Hill ukalia juu ya vichwa vyetu, kama unavyolia kila siku isipokuwa Jumapili, na nusu ya kahawa yangu ikamwagika kwenye shati. Tahadhari ya kelele hiyo nayo ingekaa vizuri katika kijitabu.

Alhamisi asubuhi gari lilikuja kutuchukua kwenda mlimani kwa mujibu wa ratiba. Dereva alijua, mapokezi ya hoteli walijua, na tovuti ya gari la nyaya ilikuwa imeshatangaza tangu alfajiri kwamba safari zimesimamishwa. Lakini ratiba iliagiza twende, tukaenda, tukasimama kituo cha chini tukipigwa na upepo uliokuwa ukizisukuma hadi mapipa ya taka, tukasoma tangazo lile lile kwenye ubao, tukarudi. Nilimpigia wakala. Majibu yake niliyaandika siku hiyo hiyo ili nisije nikamsingizia: kwamba hali ya hewa ni kudura, kwamba fedha za tiketi hazirudi, kwamba tiketi zina tarehe ya Alhamisi na Alhamisi ikiisha zimekwisha, na kwamba kama tuna nguvu tunaweza kupanda kwa miguu kupitia Platteklip Gorge. Njia hiyo ni ngazi za mawe kwa saa mbili au tatu. Nilimkumbusha umri wa mama na upepo uliokuwa ukivuma. Akatutakia siku njema.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Kisiwa cha Robben. Boti iliondoka saa tatu asubuhi kwenye gati la Nelson Mandela Gateway, mawimbi yakiwa bado makubwa, na nilimwona mama akisoma uradi kwa midomo tu. Ziara nzima, pamoja na kwenda na kurudi kwa boti, huchukua karibu saa nne. Ndege yetu ilikuwa ya saa tisa alasiri. Yaani aliyepanga ratiba alitaka tushuke botini kama saa saba, tufuate mizigo hotelini, tuvuke mji na kufika dirishani kwa abiria wa kimataifa, yote hayo kwa kudhani kwamba bahari haitachelewesha boti hata dakika 20. Kati ya safari zote za kifurushi hiki, hii ndiyo ya mwisho ambayo ningeiweka siku ya kuondoka. Tukiwa bado gatini niliamua kulipia mabadiliko ya tiketi za ndege hadi Jumapili usiku, na ni vizuri nilifanya hivyo, kwa sababu kisiwa kile hakitazamwi na mtu anayeitazama saa yake.

Ndani ya gereza kiongozi ni mtu aliyewahi kuwa mfungwa wa kisiasa pale pale, na hilo peke yake ndilo linaloitofautisha ziara hii na makumbusho mengine yote niliyowahi kuyaingia. Wa kwetu hakupandisha sauti hata mara moja. Alituonyesha ua ambamo Mandela, mfungwa namba 466/64, yaani wa 466 kwa mwaka 1964, aliyekaa kisiwani miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, alifukia muswada wa kumbukumbu zake katika kibustani, hadi walinzi walipoufukua wakati wa kujenga ukuta. Basi lilitupitisha kwenye machimbo ya chokaa, yaliyoharibu macho ya wafungwa kwa mng'ao wake, na kwenye nyumba ambamo Robert Sobukwe, mwanzilishi wa chama cha ukombozi cha PAC, alitengwa peke yake kuanzia 1963 hadi 1969. Mama aliuliza kama ndicho kisiwa kile kile alichofungiwa yule shekhe wa Bo-Kaap. Ndicho. Aliomba tusimame kidogo, na kiongozi akasubiri.

Usiku mbili za ziada tulizilipia wenyewe katika nyumba ya wageni mtaa wa Gardens, chini kabisa ya mlima, na kwa uzoefu wangu huko ndiko mgeni mwenye nia ya kupanda angefaa kulala, kwa sababu unafungua pazia na kuona mwenyewe kama kitambaa kipo au hakipo. Jumamosi kilikuwepo. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi hakikuwepo, majani ya mti wa dirishani yalikuwa kimya, na kabla ya saa mbili tulikuwa kituo cha chini nyuma ya watu wachache. Nilikuwa tayari kununua tiketi mpya. Karani aliniuliza kama sina nyingine. Nikamwonyesha zile za Alhamisi kwa aibu kidogo. Akazisoma kwa mashine na kusema bado ni hai, kwani tiketi za mtandaoni hukubaliwa kwa siku kadhaa tangu tarehe iliyochaguliwa, kusudi upepo usiwaadhibu wageni. Maneno hayo yalikuwa yamechapishwa chini ya tiketi. Wakala aliyezinunua, aliyezilipia na aliyezituma kwangu hakuwa amezisoma.

Gari la nyaya lilifunguliwa mara ya kwanza mwaka 1929, na haya ya sasa ya mviringo, yanayobeba watu 65, yaliletwa mwaka 1997. Linaanzia mita 363 juu ya usawa wa bahari na kukufikisha kwenye mita 1,067 kwa muda wa dakika tano hivi, na sakafu yake huzunguka polepole ili kila abiria aione bahari, jabali na mji bila kusukumana. Mhudumu alimwonya mama asishike ukuta, kwa sababu sakafu inazunguka na ukuta hauzunguki. Mama akashika mkono wangu, na alama za kucha zake nilikuwa nazo mpaka jioni. Juu kuna njia zilizosakafiwa vizuri ambazo mwenye magoti mabovu, hata mwenye kiti cha magurudumu, anazimudu. Pimbi walikuwa wameanikwa na jua juu ya mawe kama nguo, hawana habari na mtu. Upande wa kaskazini Kisiwa cha Robben kilionekana kidogo na bapa, jani lililodondoka majini, na kwa mara ya kwanza nilielewa maana ya mfungwa kuuona mlima huu kila siku bila kuufikia. Tulikaa saa moja na robo. Kisha king'ora kikalia, kuwaita watu wote warudi kituoni kwa sababu upepo ulikuwa umeanza tena, na tulipokuwa kwenye foleni ya kushuka, ukungu wa kwanza ulipita juu ya viatu vyetu.

Sasa alama. Makaratasi na maandalizi, kumi kwa kumi. Siku ya rasi, tisa, na moja niliyoiondoa ni ya kutotaja baridi ya maji. Mjini, sita, kwa haraka isiyo na sababu. Mpangilio wa siku, mbili, nazo nazitoa kwa sababu siku ya rasi iliangukia mahali pazuri kwa bahati. Huduma baada ya tatizo, sifuri. Kifurushi kinamfaa mtu anayesafiri Machi mwishoni au Aprili, upepo unapokuwa umepungua na mvua za baridi, ambazo huko hunyesha Juni hadi Agosti, hazijashika. Anayechagua miezi hiyo ya baridi akumbuke kwamba ndipo gari la nyaya hufungwa kwa matengenezo ya mwaka, na aulize tarehe zake. Kwa Januari kinafaa kwa sharti moja, kwamba mlima uandikwe "siku yoyote hewa ikiruhusu", uanze kujaribiwa saa ile ile ya kuwasili, na kisiwa kikae katikati ya ratiba badala ya mwishoni. Siku tano zinatosha kwa mji huu iwapo mbili kati yake hazina jina. Ningenunua siku ya rasi na magari ya uwanjani peke yake, tiketi za mlima na za boti nikazichukua mwenyewe mtandaoni, na teksi za kuita kwa simu zikamaliza yaliyobaki, maana zinapatikana kwa urahisi na usiku si vema mgeni kutembea kwa miguu katikati ya mji.

Tathmini hii niliituma kwanza kwa wakala, pamoja na picha ya maandishi ya chini ya tiketi. Alijibu baada ya siku tisa, kwa heshima, kwamba ameyapokea maoni yangu, na akaniambatanishia ratiba mpya ya mwaka ujao nipate kuwaonyesha ndugu na marafiki. Nimeisoma. Siku ya 4: Table Mountain.